Kama Unawajua, Tutakunywa

"Hawa bantu, unabajua?"

Leo nimeumbuka kwa swali hilo la kama nawajua watu. Jamaa za Espoir, mchumba wangu, walitoka mtaa wa Mulongwe kuja kwetu Kimanga kujitambulisha, na kreti ya soda nyuma ya pikipiki (sisi Waprotestanti, pombe hatuigusi mbele ya watu). Kreti ilipitia jikoni, ikaletwa sebuleni ikiwa imefunikwa kitambaa. Ndipo nikaitwa. Baba mdogo, msemaji wetu, akaniuliza, kisha akaongeza:

"Kama unabajua, tutakunywa."

Kila binti wa hapa anajua jibu: "nabajua", yaani nimekubali kuolewa. Mimi nilisoma mantiki chuo kikuu.

Nikawatazama. Espoir namjua. Shangazi yake nilimwona mara moja, sokoni. Wengine? Kusema nawajua ni uongo. Na ile "kama" haikunitisha: baba mdogo hakusema kwamba nisipowajua hawatakunywa. Sharti likikosekana, hakuna kinachofuata. (Kwenye mtihani nilisifiwa kwa hilo.)

"Najua mumoja tu," nikasema. "Bengine, hapana."

Kilichofuata kilifuata haraka. Shangazi akachukua mkoba wake.

"Tumesikia. Anatukataa."

"Sijakataa, shangazi. Nimesema siwajui."

"Ni ile ile."

"Kwa mantiki si ile ile."

"Huyo Mantiki ni nani?" Akamgeukia Espoir. "Weye, ulijua iko mwanaume mwingine?"

Espoir alisimama, akaanza kuelekea mlangoni. Mama yangu alitazama dari (yeye alitaka nisomee uuguzi). Vijana wao wakainama kubeba kreti. Baba mdogo akaikalia.

"Mwanangu," akanisihi, jasho likimtoka, "ubajue hawa bantu. Tafazali."

Espoir alikuwa ameshafika mlangoni. Hapo mantiki ikaniisha. Nikasema kwa sauti iliyowafanya majirani wachungulie:

"Ninabajua bote! Hata bale balibakia nyumbani!"

Shangazi akarudi kukaa, polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu muliposimama."

Wakacheka mpaka wakanikubali. Baba mdogo akaibeba kreti jikoni mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Soda ikaja kwenye glasi, nusu nusu.

Jioni, tukiosha vyombo, mama ndiye aliyenifungulia siri: kreti ilipopitia jikoni, baba mdogo na wazee wenzake wa upande wetu walikuwa wameshamaliza karibu soda zote kabla sijaitwa. Kwa hiyo "tutakunywa" ilikuwa kweli tayari, hata ningejibu nini.