Nadhiri ya Kipara Changu

Jumatatu, 2 Juni
Sindano ya tatu. Daktari Rattana karudia kwamba dawa hii ndiyo kwanza inajaribiwa kwa watu, na hata yeye hajui nani anachomwa dawa na nani maji ya chumvi. Mwili wangu unang'oa nywele zake wenyewe, halafu nichomwe maji! Mabaka manne kichwani, nyusi ya kushoto imeshatoweka. Bi Anong, muuza supu niliyeandikishwa naye pamoja, ameshaota vinyweleo. Kanionyesha bila kuombwa.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata ujanja. Nimepiga magoti hekaluni na kuweka nadhiri, kwa sauti ili isikike: nywele zikiota, nitaingia utawani siku saba, kama wafanyavyo wanaume wa Kibuddha. Bi Anong ashindwe na supu yake.

Ijumaa, 20 Juni
Nyusi imeota! Mama kaiona, kalia, kisha kaenda kukodi wapiga ngoma wa kunisindikiza utawani tarehe 28. Kumbe siku ile alikuwa nyuma yangu hekaluni.
Hapo ndipo nilipokumbuka. Mtawa hunyolewa kichwa chote na nyusi zote mbili. Na fomu niliyotia sahihi inasema anayenyoa kabla ya picha za tarehe 30 huondolewa kwenye jaribio. Hakuna sindano tena.

Jumapili, 22 Juni
Nimemwomba mkuu wa hekalu aninyoe mabaka tu, yasiyo na nywele. Kaniuliza kama niliomba nywele nusu. Nikamwomba binamu yangu Thawat aingie utawani badala yangu. "Kaka, mdomo ulioahidi ni wako. Kichwa changu kimekosa nini?" Mama naye hataki kusogeza siku: mtoto wa jirani alichelewesha nadhiri, akavunjika mguu. Sasa nashuka ngazi kwa kushika ukuta.

Jumamosi, 28 Juni
Wamenikata nywele kwa zamu, kama desturi. Mama alikata akilia. Bi Anong, mgeni wa Mama, alikata akicheka. Nyusi mpya imeondoka kwa mkwaruzo mmoja. Nililia waziwazi, na wazee wakasifu imani yangu.

Jumatatu, 30 Juni
Kliniki, nikiwa na joho la mtawa. Daktari kaandika "kanyoa" kwenye faili langu. Ataiuliza kamati ya jaribio kama nibaki. Ikinisamehe, nitapigwa picha Septemba nywele zikisharudi. Jibu Ijumaa.
Nimerudi hekaluni moja kwa moja nikapiga magoti. Kamati ikinisamehe, nitaingia tena utawani, mwezi mzima, Agosti hii hii. Nimesema kwa sauti.
Mama alikuwa nyuma yangu, kaleta wali.