Vifungo Vyekundu na Meza ya Dirishani

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mwenyekiti wa ushirika wetu wa mafundi cherehani anastaafu. Nagombea. Mwenyekiti hukaa dirishani, penye mwanga. Mimi niko nyuma ukutani, na kwa macho yangu haya siku hizi nashona kidole kuliko kitambaa. Mpinzani ni mmoja: Bibi Shela, mshona nguo za harusi, anayetembea kama anayeolewa ni yeye.

Kura zetu hupigwa kila mwaka, kwa vifungo. Kila mtu huja na chake, hukitumbukiza kwenye kopo lililofunikwa, na kikiingia hakirudi. Mimi nyekundu, yeye nyeupe.

Jumanne, tarehe 4
Binti yangu kaja likizo. Anasoma historia chuo kikuu, wa kwanza ukoo mzima. Wauza nyanya wote nimeshawaambia. Nikamuuliza wakubwa wa zamani walipataje vyeo. Akasema wengi walitoa fedha. Walilisha miji, wakaiandalia michezo. Wafalme wakakopa kwa matajiri wapate kulipa askari, mwishowe tajiri ndiye akawa anamwamuru mfalme. Akawa anaendelea, eti tatizo la fedha ni kwamba... Nilikuwa nishavaa viatu.

Jumatano, tarehe 5
Nimenunua vifungo vyekundu. Vinang'aa, matundu manne, vizito mkononi. Pakiti ishirini na moja za wenzangu, mpaka ya mzee wa pasi anayetunyooshea nguo, na moja yangu. Fedha ni ile niliyokuwa naiweka ya miwani.

Binti akasema, "Mama, si ungenunua miwani, ukaona huko huko ukutani?"

Nikamwambia miwani haimpi mtu heshima.

Alhamisi, tarehe 6
Nimegawa. Shukrani mpaka nikaona haya. Bibi Shela naye nimempa, aujue ukubwa wangu. Akavigeuzageuza, akasema, "Dada, hivi si vya kuchezea." Keshakubali kushindwa, huyo.

Mchana nikapima dirisha kwa futi. Meza yangu inaingia. Nikajishonea gauni la kupokelea uongozi, vifungo vyangu vyote vikaishia humo.

Ijumaa, tarehe 7
Kura. Sikuwa na kifungo, ikabidi nikate cha kifuani. Kopo likamwagwa mezani. Vyeupe ishirini. Vyekundu viwili: changu, na cha mzee wa pasi, ambaye hashoni. Nikasimama kutoa neno, gauni likafunguka.

Nikambana jirani yangu wa meza. Wala hakuona aibu. "Mwenzangu, kifungo kizuri namna ile nikakitupe koponi? Nimekishona kwenye koti la mteja. Nilitumbukiza cheupe cha shati bovu."

Wote hivyo hivyo. Chumba kizima kimejaa makoti yenye vifungo vyangu, na vyeupe vilivyompa Bibi Shela kiti hata ufagio ungevikataa.

Jumamosi, tarehe 8
Asubuhi Bibi Shela kanifuata. Akasema dirisha ni pana, nilete meza tubanane. Nikakataa. Mimi si mtu wa kununuliwa.

Binti kanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto, kwamba ukimpa mtu kitu kizuri kuliko kura, atabaki nacho kile kizuri. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Ana kichwa huyu mtoto, na kakitoa kwangu.

Kosa nimeliona. Vifungo havikuwa vizuri vya kutosha. Dukani kuna vya dhahabu, tena vina nakshi. Fedha ya miwani nimeanza kuiweka upya, na mwakani nikigombea nitaomba rangi ya dhahabu.