Samaki wa Babu na Simu ya Abti Shee

Jamani, sura yangu leo sijui niifiche wapi. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wasomi wawili, na shahidi ni samaki.

Ngoja nianze mwanzo, maana mkisikia mwisho tu mtasema nina wazimu.

Mnaikumbuka ile programu ya utafiti wa bahari niliyokuwa nikiwachosha nayo? Ile ya wanafunzi wa sekondari, wakati wa likizo. Wiki sita chuoni ng'ambo, maabara, boti ya utafiti, na kila kitu wanalipa wao. Waombaji ni wengi kama dagaa, nafasi ni za kuhesabu kwa vidole. Naitaka hiyo nafasi kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Shuleni kwetu hapa Kismayo bahari tunaisoma kwa mchoro wa kitabuni, na yenyewe tunaisikia dirishani. Inaniuma, wallahi.

Basi, fomu ilikuwa na swali: "Una ujuzi gani usio wa kawaida?" Nikafikiri sana. Kupaka hina? Kumaliza mikate minne ya mofa bila kupumua? Ndipo nikamkumbuka Babu.

Babu yangu anakaa Chula, kisiwani, na ujana wake wote alivua kwa chazo. Kwa msiomjua, chazo ni samaki mwenye bapa la mistari juu ya kichwa, na bapa hilo hunata. Wazee wetu walimfunga kamba mkiani, wakamwachia baharini, akaenda akamganda kasa, wakawavuta wote wawili. (Siku hizi kasa Babu anawaacha waende zao. Chazo bado anaye mmoja, eti wamezoeana.)

Ningeandika, "Babu yangu anaujua uvuvi huu." Ingetosha! Lakini mimi Esha, kwa ulimi wangu mrefu, nikaandika: "Nimekuwa nikimshika chazo kwa mikono yangu tangu utotoni."

(Samaki pekee niliowahi kuwashika kwa mikono yangu walikuwa wamekaangwa.)

Wiki iliyopita barua pepe ikaja. Nimeingia kwenye usaili! Nilipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani ameposwa. Usaili ni kwa video. Na mwishoni mwa barua: "Tutafurahi sana ukituonyesha samaki huyo."

Vigelegele vikakatika hapo hapo.

Nikampigia Babu. Hakuuliza mara mbili. Jana akashuka kwenye boti na ndoo ya maji ya bahari, chazo wake ndani, urefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Njia nzima amekuwa akimbadilishia maji. Jioni akanikalisha kitako anifundishe.

"Esha, mwanangu, kumshika si kazi. Kazi ni kumbandua. Sikiza vizuri."

"Ee, Babu. Naam, Babu."

Mimi huyo nimeshika mitandio miwili, nalinganisha upi utapendeza kwenye kamera. Akaeleza, nikaitikia. Akaeleza tena, nikaitikia tena. (Shikeni hapo. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.)

Leo saa nne asubuhi kila kitu tayari. Simu ni ya Abti Shee, mjomba wangu, mpya, bado ina ile karatasi ya plastiki mgongoni. Alinikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Naaya, we msichana, ikipata mkwaruzo mmoja, usiniite tena abti." Nikaiegemeza kwenye mkebe wa biskuti. Beseni la chazo kando yangu. Mtandio wa zambarau.

Babu naye alikuwa ameoga, amejipaka manukato, akataka kukaa chumbani. Nikamshika mkono nikampeleka barazani. "Babu, hawa ni wakubwa, na ni Kiingereza kitupu. Ngoja hapa kidogo." Akanitazama, akacheka, akakaa. Sasa hivi nikikumbuka naona haya.

Wakatokea wawili. Mama mmoja mwenye miwani, daktari wa mambo ya samaki, ndiye msemaji. Na bwana mmoja mkimya, kazi yake kuandika tu. Nilianza vizuri, jamani! Maswali kumi nimejibu kama maji. Daktari anaitikia kwa kichwa, anatabasamu.

"Na sasa, Esha, yule rafiki yako wa utotoni."

Bismillahi. Nikatia mikono kwenye beseni. Utelezi! Utelezi kama bamia! Nikamkamata, akanitoka, nikamkamata tena, nikamwinua huku nimeng'ata meno nionekane nimezoea.

"Ajabu!" akasema daktari. "Hebu geuza kichwa tulione hilo bapa."

Nikageuza.

"Karibu kidogo."

Nikasogeza.

"Karibu zaidi."

Pa!

Chazo ameganda kwenye simu. Kioo chote, pamoja na kamera. Mimi nimeshika mkia, simu ya Abti inaning'inia upande wa kichwa.

Kutoka chini ya samaki nikasikia sauti ya daktari: "Esha? Unatuonyesha... soli ya kiatu?"

"Hapana, Daktari! Ni yeye! Amesogea karibu!"

Nikashika simu kwa mkono mwingine, nikavuta. Akazidi kukaza. Nikavuta kwa nguvu, nikaweka mguu kwenye mkebe wa biskuti nikavuta kama navuta nanga. Mkebe ukapinduka, biskuti zikamwagika sakafuni na kwenye beseni, mkia ukaniponyoka ukanichapa kibao cha shavu, mtandio wa zambarau ukanifunika macho. Nikapiga ukelele mmoja ambao nadhani hata kisiwani Kudhaa wameusikia:

"BABUUU!"

Babu akaingia, kikoi chake na manukato yake. Hakuharakisha hata kidogo. Akamtazama samaki, akanitazama mimi, akasema kwa lahaja yake ya kisiwani, ambayo mtu ni mchu na mbele ni mbee, "Mchu hamvuti chazo nyuma! Nimekwambia jana mara mbili. Msukume mbee."

Akamsukuma mbele kwa kidole kimoja. Kidole! Chazo akaachia kama aliyeombwa kwa adabu, akarudishwa majini kwenye supu ya biskuti. Simu ikabaki mkononi mwa Babu, naye akachungulia kamera kwa karibu kiasi kwamba wasomi wale nadhani waliona nywele za pua tu.

"Salaam alaykum," akawaambia. "Msimcheke. Huyu hajapata kushika samaki hai tangu azaliwe. Ana woga wa magamba."

Nikataka ardhi ipasuke.

"Mzee anasema nini?" akauliza daktari kwa Kiingereza chake.

Hapo ndugu zangu nikasimama. Ningeweza kutafsiri lolote. Ningesema, "Anawasalimu na kuwatakia heri." Nani angejua? Nafasi yangu ilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Nikamtazama Babu, kikoi kimelowa, anatabasamu na kusubiri nimfikishie maneno yake.

Nikasema ukweli. "Anasema sijawahi kushika samaki hai maisha yangu yote. Ni kweli. Ujuzi nilioandika kwenye fomu ni wake yeye, nami jana nilipofundishwa sikusikiliza."

Chazo akagonga beseni.

Mara yule bwana mkimya akaangua kicheko, akaweka kalamu chini, akasema kwa Kiswahili safi: "Afadhali, binti! Mimi ni mtu wa Lamu. Nilikuwa nangoja nisikie utatafsiri nini."

(Nilihitaji kukaa. Nilikaa juu ya biskuti.)

Basi usaili ukageuka wa Babu. Nusu saa nzima! Daktari anauliza, mimi natafsiri, Babu anajibu ameketi kwenye kiti changu. Kwa nini asukumwe mbele? "Yeye amezoea kwenda mbee na aliyembeba. Ukimvuta nyuma huona anaachwa, akashika zaidi." Daktari akaandika mpaka akageuza ukurasa. Nami nikasahau aibu, nikamkatiza Babu: na akigandia mashua iliyosimama, isiyokwenda popote, itakuwaje?

Babu akakuna ndevu. "Hilo sijapata kuulizwa."

"Sisi pia hatujui," akasema daktari, akaniangalia mimi. "Liandike hilo swali, Esha. Usilipoteze." Jamani, nilijisikia vizuri, nilijisikia vizuri mno!

Jibu la nani amepata nafasi litatoka wiki ijayo. Simu ya Abti Shee ni nzima, ila inanuka, naye bado hajaisogeza sikioni. Kwa hiyo naombeni dua, na naombeni msicheke. Zaidi ya yote naombeni mtu aje aongee na Babu, maana tangu mchana anakunja nguo zake kwenye mkoba. Nimemweleza taratibu kwamba programu ni ya watu ambao hawajamaliza sekondari.

"Naam," akasema, akaendelea kukunja. "Na mimi nilimaliza lini?"