Saa Iliyoamka Msibani

Alhamisi, 4 Julai

Mazwi. Baridi, upepo, vumbi. Wateja hakuna. Nimekaa bandani kwangu kati ya makava ya simu, nawaza saa ya Baba Mkubwa Urbano.

Tulimzika juzi kule Msanzi. Nililia kama wengine, tena kwa dhati. Ila kaburi lilipokuwa linafukiwa, macho yangu yalikuwa kwenye leso ya mjane wake, Mama Mkubwa Bertilla. Ndani ya leso mlikuwa na ile saa.

Ni ya Kijapani, ya wazamiaji wa baharini. Chuma kizito, kioo kinene. Inavumilia mita mia mbili chini ya maji. Baba Mkubwa aliinunua zamani bandarini Kasanga na hakuizamisha hata kwenye beseni. Aliilimia ulezi. Kasoro zake nazijua zote. Duara la nje limekaa upande, alama yake ya juu haitazamani na kumi na mbili. Inakimbia kidogo. Siku inajiandika kwa Kijapani, na Baba Mkubwa hakuwahi kujua namna ya kuigeuza. Jumapili tu ndiyo tulikuwa tunaitambua, maana herufi yake ni nyekundu.

Pamoja na hayo yote, ni saa! Ukiivaa unaonekana mtu mwenye mambo yake.

Naihitaji kwa sababu ya Avelina. Baba yake, Mzee Loth wa Matai, alifanya kazi kwenye meli za ziwani na anavaa saa ya namna hiyohiyo. Avelina ameniambia kuwa baba yake hamwamini mwanamume mwenye saa ya betri. Hizi za Kijapani hazina betri. Ndani mna kipande cha chuma kinachozunguka mkono ukitikisika, nacho ndicho kinachoipa nguvu. Mkono ukilala, saa inalala. Mzee Loth anasema akitaka kumjua mvivu anatazama saa yake, basi.

Alhamisi ijayo nakwenda kujitambulisha kwake. Mkononi nina saa ya betri, na hiyo betri yenyewe ilishakwisha.

Ijumaa, 5 Julai

Habari mbaya. Wazee wanataka kumpa Beda.

Beda ni mtoto wa baba mdogo. Ana pikipiki, ana adabu, anaamka mapema. Simpendi. Amenipigia kunieleza utaratibu wa Jumapili tunapoondoa matanga. Vitu vya marehemu vitapangwa kwenye mkeka. Katika ukoo wetu, kitu kilichokaa mwilini mwa mtu ndicho kinachomkubali mrithi. Nikamuuliza mrithi anapata nini hasa. Akasema anachukua nafasi. Nafasi ipi? Nafasi tu. Huyu kijana hajawahi kujua kujieleza.

Ameniambia na jambo jingine, kwa sauti ya chini. Saa ilivuliwa Ijumaa iliyopita, Baba Mkubwa alipolazwa. Ikasimama Jumapili asubuhi, wakati uleule alipokata roho. Herufi nyekundu imebaki kwenye kidirisha cha saa. Pale nyumbani hakuna anayeigusa. Wanasema imekufa naye.

Nimecheka mpaka jirani amechungulia. Imekufa! Nimesoma kwenye simu: saa hizi zikivuliwa huishi siku moja na ushee, halafu husimama zenyewe. Ukiitikisa kidogo tu, inaamka.

Hilo analijua nani Msanzi nzima? Mimi peke yangu.

Jumapili, 7 Julai

Ushindi! Naandika nikiwa Msanzi, mkono wa kushoto mzito kwa heshima.

Nilifika mapema nikajitolea kubeba ungo wenye vitu vya marehemu kutoka chumbani hadi mkekani. Mama Mkubwa alishukuru, maana kila mtu alikuwa anakwepa. Mle chumbani nikaivaa saa mkononi, ili isianguke, ndivyo nilivyojiandaa kusema. Nikatembea polepole kwa huzuni, nikiupunga mkono mmoja kuliko desturi. Watu wakadhani ni uchungu.

Bibi Cornelia, mama yake marehemu, haoni vizuri lakini masikio yake ni mazima. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mkeka. Nilipoinama kuweka ungo, akaushika mkono wangu. Mkono wake unatetemeka siku zote. Akaiweka saa sikioni. Watu wote wakageuka kutazama, hata walioshika vikombe vya pombe ya ulezi.

Akasema inatembea.

Wazee wakaja kutazama mmoja mmoja. Mshale mwembamba unazunguka. Herufi nyekundu dirishani, na leo ni Jumapili! Tarehe ilisoma 30, ile ya siku aliyofariki, nikataka kuisogeza. Bibi akanizuia. Akasema niiache, anaendelea alipoishia.

Beda alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wivu umemchanganya maskini.

Halafu Bibi akanipapasa uso na kuniuliza, Urbano, umerudi? Nikamjibu ndiyo, Bibi. Mtu ungesema nini?

Jumatatu, 8 Julai

Nilidhani urithi wa saa ni saa.

Asubuhi nimevaa viatu nirudi Mazwi. Mama Mkubwa akaniuliza nakwenda wapi na ulezi haujavunwa. Nikasema banda langu limefungwa. Akauliza banda gani. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu asiyejua.

Nimepewa koti la marehemu. Linanikaa sawasawa, na Baba Mkubwa alikuwa amenizidi mabega. Nimepewa kiti chake na kikombe chake kisicho na mkono. Mbwa wake, ambaye amenitafuna mara zote nilizokuja hapa, amelala juu ya miguu yangu na hataki kuondoka.

Watu wazima wananiamkia shikamoo. Mzee Maganga wa nyumba ya tatu, mwenye umri wa kunizaa, ameniamkia akiwa amevua kofia. Nikasahau, nikaitikia marahaba. Alionekana kuridhika.

Nilimwambia Beda utani umetosha, mimi naitwa Valerian. Akatazama chini. Akasema jina hilo tuliache kwanza. Tangu jana hakuna aliyelitamka.

Saa inasema leo ni tarehe 31 Juni.

Jumatano, 10 Julai

Tumevuna. Mgongo hauna habari na mimi. Mafua yamenishika, nakohoa kidogo kabla ya kuongea. Mama Mkubwa akisikia kikohozi anatabasamu na kuninawisha mikono. Kumbe marehemu alikuwa na kikohozi hikihiki.

Mchana Mama Mkubwa alitafuta kisu cha kukatia ulezi akakikosa. Nikamwambia kiko juu ya boriti, nyuma ya kopo la misumari. Kilikuwepo. Labda nilikiona nikiwa mtoto.

Ghalani mna giza hata mchana. Niliingia nikaona uso wa saa unawaka kijani, ile rangi yake ya kuzamia. Ni rangi tu. Inashiba mwanga nje, inautoa gizani. Nimesoma yote hayo. Bado nilitoka upesi.

Ulezi wa mwaka huu si mbaya, ingawa haufikii ule wa mwaka nilipojenga ghala.

Nimeusoma tena mstari huo. Mwandiko ni wangu. Sijawahi kujenga ghala maishani mwangu.

Kesho Matai! Mzee Loth akiiona saa inatembea, nitarudi na mchumba, na habari za Urbano nitawaachia wenyewe.

Alhamisi, 11 Julai

Nimetoka Matai. Sijui nianzie wapi.

Beda alinipeleka kwa pikipiki. Mzee Loth alitupokea vizuri, akaomba mkono kabla hata sijaketi. Tukaiweka mikono yetu yenye saa pamoja mezani. Akasema yake inakimbia kuliko yangu. Duara la yake limepinda kushoto, la yangu kulia. Akacheka kwa furaha. Akasema Wajapani wanakupa chuma cha kukuzika nacho, kisha wanakuwekea kasoro ndogo usije ukaringa. Akasifu mshale unavyotembea. Akasema mwenye mkono huu ni mchapakazi.

Nikakohoa, nikaeleza nia yangu kwa Avelina.

Akaacha kucheka. Akasema saa hii anaijua. Walinunua siku moja, duka moja, yeye na Urbano wa Msanzi. Akasema habari za mkekani zimeshafika Matai. Akaniambia kwa upole sana kwamba hawezi kumwoza binti yake rika lake.

Nikasema mimi si Urbano, mimi ni kijana wa Mazwi, nauza makava. Akauliza nani anithibitishe. Nikamgeukia Beda. Beda akawa anatazama pikipiki yake kupitia dirisha.

Avelina alileta chai. Nilimtazama sana. Juzijuzi tu alikuwa akinicheka bandani kwangu, akiniita muhuni wake. Aliweka kikombe, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo mzee.

Niliumia. Sina namna nyingine ya kuliandika.

Tukiwa mlangoni Mzee Loth akasema nimrudishe marehemu kwa wenyewe, kisha nije upya kwa jina langu. Mlango hajaufunga. Na saa nije nayo, hilo hakulisema ila macho yake yalisema.

Ijumaa, 12 Julai

Nimepata! Ni rahisi mpaka naona aibu.

Saa iliamka, ndiyo maana nikawa Urbano. Ikilala mkononi mwangu, Urbano ameondoka. Wote watashuhudia. Nitaachiwa nafasi yangu, nitakwenda Mazwi, huko nitaitikisa tena, na Jumanne niko Matai. Nashangaa akili hii ilikuwa wapi tangu Jumatatu.

Nimejilaza tangu asubuhi. Nimesingizia mafua. Mkono wa kushoto nimeufunga kwa kanga kwenye mbao za kitanda usitikisike hata nikipiga chafya. Naandika kwa mkono wa kulia. Kazi ya kulala naiweza vizuri, nimeifanyia mazoezi miaka yote.

Mama Mkubwa ameleta uji. Ameniona, akaweka bakuli chini, akatoka. Nje nikamsikia akimwambia Beda kwamba hata mara ile alianza kulala Ijumaa.

Jumamosi, 13 Julai

Bado inatembea. Inatembea kwa kiburi.

Watu wanaingia chumbani, wanasimama, wanatoka. Wanaongea kwa sauti za chini. Sista Kashinje wa parokiani amepita na kusali. Nilimwambia sijambo, akaendelea kusali.

Mbwa ameondoka miguuni pangu. Amekaa mlangoni, amenipa mgongo.

Jumapili, 14 Julai

Imesimama.

Nilikuwa nikiitazama. Mshale ulisita, ukavuta hatua moja, ukatulia. Kengele ya misa ilikuwa inalia. Dirishani ile herufi nyekundu. Nilipiga kelele ya furaha, nikafungua kanga, nikatoka nje nikikimbia na mkono juu. Nikawaambia tazameni, imekufa! Ameondoka! Kwaherini, mimi nakwenda zangu Mazwi!

Bibi Cornelia akaomba mkono wangu. Akaiweka saa sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaivua, taratibu, kama anavyovuliwa mtoto aliyesinzia.

Mama Mkubwa akaanza kulia. Wanawake wakapokea kilio. Nikasema msilie, mlishamlilia Urbano, inatosha. Hakuna aliyenitazama. Beda akavua kofia. Mzee Maganga akauliza kaburi lichimbwe upande upi. Nikacheka, nikamwambia wafu hawasimami uani wakiongea. Alinipita akaenda kutafuta jembe.

Nilimshika Beda bega. Alijikunyata kama aliyepigwa na upepo, akafunga zipu ya jaketi. Akapiga simu Matai. Nilisikia akimpa Avelina pole.

Halafu vitu vyangu vikaanza kutoka chumbani. Viatu vyangu. Simu yangu. Begi langu la makava. Mama Mkubwa alivipanga kwenye mkeka, akilia kwa uchungu wa kweli, mpaka nikataka kulia naye.

Saa akapewa Bibi aishike. Mkono wake, na ule mtetemeko wake. Muda si mrefu mshale ukaanza kutembea. Najua ni kwa nini! Ni kile chuma cha ndani, mkono ukitetemeka kinazunguka. Nilimweleza. Nilimweleza mara mbili, karibu kabisa na uso wake.

Bibi akaisogeza saa mdomoni akainong'oneza. Akaiuliza, Valerian, umerudi?

Wiki nzima nimelililia hilo jina, Valerian. Limetamkwa leo, na aliyeitwa si mimi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimelala ukumbini. Asubuhi wamefagia, wakanizunguka.

Nimetafakari usiku kucha na nimeliona kosa langu. Kosa ni kwamba saa niliiacha ivuliwe. Mwenye saa ndiye mwenye jina. Kwa hiyo naihitaji saa. Jambo liko wazi kabisa, na Avelina bado yuko Matai.

Matanga yangu yanaondolewa Jumapili. Nimesikia wakiongea jikoni: wanataka kumpa Beda. Beda tena! Ajaribu aone. Najua saa ile inavyoamshwa kuliko yeyote hapa, na mara hii nitaupunga mkono vizuri zaidi.

Nimeshajitolea kubeba ungo. Hakuna aliyejibu. Nimechukulia kuwa wamekubali.