Inchi Moja na Nusu hadi Peckham

Jumatano, 4 Juni 1997

Nimefika jana, na leo London nimeshaielewa. Nimekuja kwa jambo moja tu. Ibtisam, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa Jumamosi huko Peckham, baada ya sala ya alasiri. Mimi ami yake ndiye walii. Bila mimi hakuna ndoa. Nilimuahidi kaka akiwa kitandani, mkono wake mkononi mwangu.

Nimefikia Tottenham kwa Himid, mjomba wake Ibtisam. Dereva wa basi miaka kumi na minane, na hupitishi chakula bila kukumbushwa hilo. Kanipa ramani ya treni za chini ya ardhi. Nikatoa futi kamba. Mimi ni fundi cherehani, Wete nzima inanijua, siamini kitu sijakipima. Seven Sisters hadi Finsbury Park: nusu inchi, dakika tano. Kwa hiyo inchi moja ni dakika kumi. Himid kacheka mpaka chai ikampalia. Kasema ramani ile haikuchorwa kwa kipimo, imechorwa isomeke tu. Wivu huo.

Alhamisi, 5 Juni

Jaribio. Peke yangu! Covent Garden hadi Leicester Square, robo inchi. Foleni ya lifti, treni, ngazi za umeme. Kurudi nikatembea kwa miguu: dakika tano. Ramani imesema karibu, na kweli ni karibu. Kwa hiyo kwa miguu inchi moja ni dakika ishirini. Mvua imeninyeshea, ramani ikarowa mfukoni. Nimeianika juu ya hita ya Himid.

Himid kaniuliza nimeona nini. Nimemwambia nimeona hesabu.

Ijumaa, 6 Juni

Peckham haimo kwenye ramani. Stesheni mia mbili na ushei, Peckham hakuna! Himid kasema huko treni hizi hazifiki, ni kusini mashariki, kesho atanipeleka kwa gari. Nikamshukuru, nikakataa. Walii haletwi na mjomba kama kapu la sokoni. Basi akaniandikia namba za mabasi na simu ya nyumba ya harusi. Karatasi nikaiacha mezani, aione.

Nikachomeka pini pale kusini mashariki penye weupe. Stesheni ya karibu ni Morden, mwisho wa mstari mweusi. Kutoka hapo hadi kwenye pini, inchi moja na nusu. Nusu saa kwa miguu. Joho nimelipiga pasi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimetoka saa nane mchana. Morden nimefika saa tisa na robo, nikaelekea mashariki. Nusu saa ikapita, Peckham sijaiona. Nikaongeza inchi juu ya inchi. Saa kumi na mbili kasorobo niko mbele ya duka la mboga, joho limelowa jasho, viatu vinauma. Mwenye duka, Bwana Harjit, kanitazama kwa huruma. Kasema Peckham ni mabasi mawili kutoka hapo, na kwa foleni ya leo si chini ya saa moja na nusu. Kanipa simu yake.

Namba sikuwa nayo. Nikatia mkono mfuko wa joho nitoe leso nipanguse jasho, nikakuta karatasi ya Himid. Kanitilia bila ruhusa!

Kapokea Ibtisam mwenyewe. Nyuma yake nasikia watu. Kasema sheikhe hawezi kungoja, ana nikaha nyingine Kilburn.

"Ami," akasema, "nilitaka uwe wewe."

Nimelia mbele ya matango ya watu. Nikaomba sheikhe na mashahidi wasikilize, kisha Himid apewe simu.

"Himid, nimekufanya wakili wangu. Muozeshe mtoto wetu."

Hakucheka. Kasema, "Nimekubali, shemeji."

Nimefika saa moja na nusu jioni. Ndoa imepita, picha zimepigwa, Himid katikati. Ibtisam kaniwekea sahani ya biriani imefunikwa, akakaa nami mpaka nikamaliza. Nimemuomba radhi yeye na marehemu baba yake.

Jumapili, 8 Juni

Ndege kesho saa nne asubuhi. Himid kasema kwa upole kwamba atanipeleka Heathrow kwa gari, tutoke saa kumi na moja alfajiri. Mtu mwema, nakiri. Lakini usiku nimewaza, kosa nimeliona. Ramani ilirowa Alhamisi, halafu nikaianika juu ya moto. Karatasi imerudi, imepungua, kama pamba isiyofuliwa kabla ya kukatwa! Fundi mzima, vipi sikukumbuka?

Nimechukua ramani mpya stesheni, kavu kabisa. Nimepima mara mbili: inchi sita, saa moja kwa treni. Himid nimemwambia alale tu. Nitatoka saa mbili na nusu, na muda wa chai utabaki.