Asilimia Thelathini Yangu Iliyobaki Inaomba Kuruka

Gaylen Kucera
Barabara ya Kaunti Na. 9
Wessel Creek, Nebraska
14 Machi

Kwa Daktari Mkuu,
Ofisi ya Afya ya Marubani

Ndugu Daktari Mkuu,

YAH: JIBU LANGU LA "HAPANA" KATIKA SWALI LA 18

Barua yenu ya tarehe 3 Machi nimeipokea. Mnasema kompyuta yenu imelinganisha majina na kompyuta ya Ofisi ya Wapiganaji Wastaafu, na kwamba amepatikana mtu mmoja aitwaye Gaylen Kucera anayepokea malipo ya ulemavu kila mwezi, na mwingine aitwaye Gaylen Kucera, aliyezaliwa siku hiyohiyo katika hospitali hiyohiyo, ambaye kwa miaka ishirini na mbili amejaza fomu zenu akisema hapokei kitu. Mnanipa siku sitini nieleze. Nisipoeleza, mtakifuta cheti changu cha afya.

Bila cheti hicho siruhusiwi kurusha ndege yangu. Ni ndege ya viti viwili, ya zamani kuliko mimi, imevikwa kitambaa, na isiporuka inabaki kuwa turubai la kufunikia panya ndani ya banda. Kwa hiyo naeleza, na nitakwenda kwa namba kama nilivyofundishwa jeshini.

1. Swali la 18 linauliza kama mwombaji anapokea malipo ya ulemavu. Aliyeulizwa ni rubani wa kiraia. Mwenye ulemavu ni askari. Askari huyo alirusha helikopta katika Vita vya Ghuba, akarudi, na mwaka 1994 alikabidhi kofia, buti na sare mbele ya karani, akapewa karatasi ya kuagwa. Mimi nilikuja kwenu mwaka 2004. Siku ile chumbani kwa daktari tulikuwa watu wawili tu, mimi na daktari. Askari sikumwona. Sioni kwa nini nimjibie mtu ambaye hayupo.

2. Hata kama yupo, hayupo mzima. Wapiganaji Wastaafu wamempima hivi: usingizi, asilimia hamsini, kwa kuwa pumzi hukatika na analala amefungwa mashine ya kupumulia usoni; mgongo, asilimia arobaini, kwa sababu ya kiti cha helikopta; na masikio, asilimia kumi, kwa mlio usiokwisha. Mtoto wa darasa la tatu atawaambia hiyo ni mia. Wao wanasema ni sabini. Wanachukua hamsini kwanza, kisha arobaini ya kilichobaki, kisha kumi ya kilichobaki tena, wanapata sabini na tatu, halafu wanapunguza hadi sabini ili isisumbue kichwa. Niliwapigia simu kuuliza.

"Bwana Kucera," dada aliyepokea akaniambia, "huwezi kuwa mlemavu mara mbili kwenye mwili uleule."

"Basi hiyo tatu imekwenda wapi?"

"Hiyo umepona."

Nimekubali. Sabini. Lakini sabini ikitolewa kwenye mia inabaki thelathini, na thelathini hiyo haina ugonjwa wowote. Imethibitishwa na serikali. Ndiyo iliyojaza fomu yenu.

3. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi marubani wa hapa huruka hadi uwanja wa Dannevik, ambako wazimamoto wa kujitolea hupika pankeki ndani ya hanga la ndege. Kutoka kwangu ni maili kumi na moja. Kwa gari ni dakika kumi na tano. Kwa ndege, ukihesabu kuitoa bandani, kuikagua, kupasha injini moto na kuifunga kamba ukifika, ni saa moja na robo. Hatujawahi kwenda kwa gari.

Mezani huwa tunakaa wanne, wote tulirusha vitu vya jeshi: Lyle Bergstrom, asilimia tisini; Wendell Otte, themanini; Dwight Pospisil, sitini; na mimi, sabini. Jumlisheni. Ni asilimia mia tatu. Tuko watu wanne, yaani asilimia mia nne, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida pale mezani ameketi mtu mmoja. Kwa hesabu ya Wapiganaji Wastaafu, niliyoipiga juu ya leso ya karatasi, inafika tisini na tisa nukta saba sita, wanaipandisha hadi mia, na mezani hayupo mtu. Hata hivyo tarehe 7 Machi zilitua ndege zetu nne na mezani petu zikaliwa sahani nne, na Wendell akaongeza ya tano. Ofisi yenu ina wachunguzi. Wachunguze nani alikula.

Barua kama hiyo yenu tulikuwa tumeipata sote wanne wiki hiyohiyo. Ilijadiliwa pale.

"Umejibu?" Lyle akaniuliza.

"Bado."

"Usijibu," Wendell akasema. "Ukijibu wanajua upo."

"Wendell, wameandika jina langu na anwani yangu. Wanajua nipo."

"Wanajua anwani ipo. Usiwasaidie zaidi ya hapo."

Dwight alikuwa anakata pankeki yake vipande vidogo vidogo, na hakula hata kimoja.

4. Sasa nije kwenye lawama yangu kubwa, ambayo ni desturi yenu wenyewe. Rubani anaingia kwa daktari wa marubani akiwa na cheti. Anaweza kutoka nacho, au akatoka bila hicho. Hakuna anayetoka na vyeti viwili. Hesabu hiyo tunaipiga wote tukiwa bado tunaegesha gari.

Daktari wetu ni Schaaf, mtu mwema, anatupima kwa dakika kumi na nne. Mazungumzo yetu ya mwaka juzi nayanukuu yote.

"Mgongo?"

"Upo."

"Unauma?"

"Daktari, wa kwako hauumi?"

"Gaylen, nimeshaandika hauumi. Usinifanye nirudi nyuma. Inama uguse vidole."

"Vya nani?"

"Sawa, shuka kwenye meza ya vipimo."

Mwaka 2006 nilijaribu ukweli. Nilimweleza kwamba asubuhi moja niliinama kuokota kifuniko cha kahawa nikasikia kizunguzungu. Cheti changu kilikaa kwenu miezi minane. Nilipelekwa kwa mabingwa watano na kupigwa picha za kichwa huko Omaha. Majibu yalisema ninacho kichwa. Tangu siku hiyo sijaugua tena ndani ya jengo lolote lenye daktari. Dwight naye ni mzima hivyohivyo. Kifua kinambana akipanda ngazi za hanga, na ni mwaka wa nne sasa hajamwona daktari, asije akaambiwa jambo ambalo fomu yenu itamtaka alirudie. Nina hakika takwimu zenu zinaonyesha marubani wa kaunti hii ndio wenye afya bora Nebraska nzima. Hongereni.

5. Baada ya kuyatafakari maradhi yenyewe nimegundua jambo ambalo naona linahusu sayansi. Mgongo huniuma jikoni, kanisani, kwenye trekta, na nikivaa soksi. Angani hauumi. Masikio hulia mchana na usiku, lakini mlio wao na mlio wa injini yangu ni uleule, na nikifika futi elfu mbili juu ya mashamba sisikii chochote isipokuwa ukimya. Na kuhusu usingizi, katika saa elfu moja na mia nne za kuruka ndege hii sijawahi kulala hata mara moja.

Kumbe, Ndugu Daktari Mkuu, kinachoniumiza ni ardhi. Ninyi mnataka kunizuia nisiende mahali pekee nilipo mzima, mnirudishe mahali nilipo na asilimia sabini. Kama kuna kibali kinachostahili kufutwa, ni kile kinachoniruhusu kutembea.

6. Mwisho ni suala la maegesho. Wapiganaji Wastaafu wamenipa kibao cha buluu cha kuning'iniza kwenye kioo, ili niegeshe karibu na mlango. Tarehe hiyo hiyo 7 Machi nilikining'iniza ndani ya ndege, nikaiegesha mahali palipo karibu zaidi na chakula. Meneja wa uwanja, Bi. Marlys Ostergaard, alitoka akiwa na mwiko mkononi.

"Gaylen, toa hiyo ndege jikoni kwangu."

"Nina kibao, Marlys."

"Hicho ni cha gari!"

"Hakisemi gari. Kinasema mtu mwenye ulemavu."

"Ala! Kwa hiyo wewe una ulemavu?"

Marubani thelathini walikuwa wanatazama. "Hapana," nikasema, kwa mazoea.

"Basi sukuma."

Tuliisukuma hatua sitini, sisi wanne, asilimia mia tatu. Mgongo uliniweka kitandani hadi Jumanne, na Wendell hawezi kuinua mkono wa kulia. Nashangaa kwamba nchi iliyoweka maegesho maalumu hadi kwenye duka la mbegu haina hata nafasi moja kwa ndege ya rubani mzima mwenye ulemavu.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Kwanza, kati ya "Ndiyo" na "Hapana" kwenye Swali la 18 muweke kisanduku cha tatu, kiandikwe "Inategemea nani anauliza". Pili, kama kisanduku hakiwezekani, nipeni cheti cha asilimia thelathini. Nitaruka siku tisa kwa mwezi, na siku zilizobaki nitakuwa mlemavu bila kinyongo. Tatu, choreni ile alama ya kiti cha magurudumu kwenye lami ya Dannevik, karibu na jiko.

Nisalimieni wote hapo ofisini, makarani, mabingwa, na yule aliyenipiga picha za kichwa kama bado yupo kazini. Ardith, mke wangu, anawasalimu. Daktari Schaaf angewasalimu pia, ila hajui kwamba nimemtaja. Salamu ziifikie na kompyuta yenu, ambayo katika miaka ishirini na mbili ndiyo ya kwanza kunisoma hadi mwisho.

Wenu katika huduma ya anga,

Gaylen R. Kucera
Rubani (30%)

Nyongeza: Nimempa Ardith barua hii ahakiki tahajia. Aliisoma yote, akaniomba na barua yenu ailinganishe. Kisha akauliza, "Huku nyuma umesoma?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya karatasi, Gaylen. Imechapishwa pande mbili. Rubani mzima unakagua hadi upepo wa magurudumu, karatasi moja umeshindwa kuigeuza?"

Nyuma mmeandika kwamba malipo ya ulemavu peke yake hayamnyimi mtu cheti. Mmeandika kwamba wengi waliokwisha kujibu wanaendelea kuruka, kwamba wanaofutiwa ni wanaozidi kuficha, na kwamba ninachotakiwa kufanya ni kuweka alama kwenye "Ndiyo" na kuambatisha maelezo ya kila tatizo la afya kwa maneno yangu mwenyewe, nikiendelea kuruka wakati mnayapitia.

Nilitaka kuichoma barua hii. Ardith amekataa. Anasema ameishi nami miaka thelathini na minne na hajawahi kuona maradhi yangu yote yameorodheshwa vizuri hivi. Kwa hiyo tafadhali ipokeeni kama ndiyo maelezo yenyewe. Gaylen Kucera anayepokea malipo na Gaylen Kucera aliyejaza fomu zenu wote ni mimi. Jibu la Swali la 18 ni Ndiyo.

Kuna tatizo moja. Nimewataja Lyle, Dwight na Wendell kwa majina na asilimia zao, tena bila ruhusa, kwa ofisi ileile wanayoikwepa. Nimewapigia simu jioni hii kuwaarifu, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Wendell. Ameniita jina ambalo siwezi kuliandika kwa ofisi ya serikali, akaongeza na la marehemu baba yangu. Nilimwacha amalize, nikamwambia ageuze karatasi ya barua yake.

Nilisikia droo inafunguliwa. Kisha nikasikia, kwa masikio yangu ya asilimia kumi, Wendell anamwita mkewe amletee miwani.