Mwenyekiti wa Wageni na Koti ya Mnada

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa, nikatoka darasa la pili kwenda kubeba magunia ya nyanya soko ya Kutus. Tangu siku hiyo hakuna mtu amewahi kuniaibisha. Mpaka leo, saa nane mchana, uwanja wa kanisa yetu hapa Gatitu, Nyeri. Na mwenye ameniaibisha ni mimi mwenyewe!

Wazee wa grupu hii ya simu, kaeni chini niwaambie kabla Mzee Gathogo hajawaambia. Yeye huongeza chumvi.

Mnajua kila mwaka tunapata mgeni, Pastor Danieli, mzungu. Si wale wa makanisa makubwa ya televisheni. Kanisa yake huko kwao ni watu arobaini tu, na nusu yao ni wazee kama sisi. Wanachanga mwaka mzima, halafu anakuja na wenzake watano kwa siku tisa. Wanahubiri, wanatembelea wagonjwa, wanapaka rangi darasa la watoto (wanapaka mpaka vioo, lakini tunanyamaza, ni wageni), kisha wanarudi kwao.

Mwaka jana simu ya mmoja wao ilipotea, Mzee Gathogo akiwa mwenyekiti wa kamati ya wageni. Mimi ndiye nilisimama nikapiga kelele mpaka akatolewa. Nikachaguliwa mimi. Nikaapa mbele ya kanisa yote, tena kwa maikrofoni: "Mimi nikiwa kwa hiki kiti, mgeni hatapoteza hata sindano! Ikipotea, mnitoe!"

Hayo maneno hakuna mtu alinishikia bunduki niyaseme.

Basi leo ilikuwa siku yao ya mwisho. Ibada, chakula, halafu moja kwa moja uwanja wa ndege. Na baridi ilikuwa ile ya mwezi wa saba, ukungu mpaka saa sita. Pastor Danieli akahubiri. Mimi sikuwa ndani. (Mwenyekiti hasikilizi mahubiri, mwenyekiti anachunga nyama isiungue.) Niliporudi, mahubiri imeisha na mnada unanisubiri.

Kwetu, mtu akikosa pesa ya sadaka analeta kitu. Kabichi, mayai, kuku. Vyote vinawekwa kwa meza ya mbele, na ibada ikiisha vinauzwa kwa mwenye bei ya juu. Muuzaji ni mimi, sasa miaka kumi na sita. Huu mdomo haujasoma, lakini unauza.

Nikauza kabichi. Nikauza mayai. Nikauza jogoo mmoja mwenye alinidonoa kidole, nikampandisha bei kwa sababu ya huo ujeuri. Halafu hapo juu ya mkungu wa ndizi nikaona koti.

Wazee, hiyo koti! Ya bluu, nyepesi kama unyoya, na ndani joto kama jiko. Zipu haikwami hata mara moja. Nikainua juu. "Nani atavaa hii? Baridi ya Nyeri itamuona na kupita mbali!"

Mwalimu mmoja akataja bei. Mama mmoja akaongeza. Mimi nikaiangalia tena, nikaona hawa watu hawafai kuwa nayo. Nikataja bei yangu, hakuna mtu aliongeza.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Imeenda kwa mwenyekiti!" (Ndiyo, nilijiuzia. Hakuna sheria inakataza.)

Nikavua kabuti yangu, nikampa bibi yangu Mama Muthoni ashike, nikavaa koti hapo hapo mbele. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikageuka nyuma ionekane mgongo. Pastor Danieli alikuwa kiti ya mbele, na yeye akapiga makofi. Polepole. Nikasema kwa roho, huyu mtu anajua kitu kizuri akiona.

Tukaenda kula. Nikaketi karibu na yeye, mwenyekiti na mgeni wake. Alikuwa na shati tu, anatetemeka mpaka kijiko kinalia kwa sahani. Mimi nikacheka. Nikamwambia pastor wetu kijana, Pastor Kinuthia, amtafsirie: "Mwambie hivi. Mtu mzima anatokaje kwao, anapita bahari, anakuja Nyeri mwezi wa saba bila koti? Si angeuliza kwanza?"

Meza yote ikaanguka kicheko! Wengine walifuta machozi. Nikajiona mcheshi sana. Nikaongeza: "Akirudi mwaka ujao anunue kama hii yangu!"

Wakacheka zaidi. Pastor Danieli naye akacheka kidogo, macho yake hapa kifuani kwangu. Nikafikiri anaangalia roho ya mwanamume mwenye amejitengeneza. Kwa hivyo nikampa historia yangu yote, kutoka yale magunia ya nyanya, na kila nikifika mahali pa uchungu ninajigonga kifua. Kulikuwa na kitu kigumu hapo ndani. Nikajua koti za ng'ambo ndivyo zinashonwa.

Dereva akapiga honi. Pastor Kinuthia akauliza wageni, "Kila mtu ako na pasipoti yake?" Watano wakainua. Pastor Danieli hakuinua. Akawa mwekundu kama nyanya ya Kutus.

Mzee Gathogo aliacha mfupa aliokuwa anatafuna.

"Mwenyekiti," akasema, sauti tamu kama asali, "ati kuna kitu imepotea?"

Bila pasipoti, hakuna ndege. Bila ndege, hakuna kiti. Nikaruka juu. "Fungeni geti! Hakuna mtu anatoka!"

Pastor Danieli akainua kidole, kama mtoto wa shule anaomba ruhusa. Nikamwambia, "Wewe kaa, Pastor. Hii ni kazi yangu." Akainua tena. Nikamkalisha kwa mkono.

Nikaanza kupekua. Mkoba wa mwenyekiti wa akina mama: chapati nne. Mfuko wa mwalimu: chaki. Nikafika kwa Gathogo. "Toa mifuko nje!"

"Unaniita mwizi?"

"Nakuita mwenye mifuko!"

Akatoa. Kipande cha nyama kwa karatasi. Nikakionyesha watu wote, nikaita majina ambayo siwezi kuandika hapa. Nilikuwa nimepata moto mpaka jasho inanitoka, kwa hiyo baridi yote! Nikafungua zipu, nikatia mkono ndani ya koti kutafuta kitambaa cha kujipangusa.

Nikatoa kitabu kidogo cha bluu.

Nikakifungua. Nikaangalia picha. Nikaangalia mgeni. Nikaangalia picha tena. Ndevu ni zile zile.

Gathogo akarudisha kipande chake cha nyama mfukoni.

"Mwenyekiti," Gathogo akasema, "sasa tuite polisi ama tungoje mwizi amalize kupekua watu?"

Pastor Danieli akaongea chini chini, Pastor Kinuthia akatafsiri huku anaangalia viatu vyake. "Anasema alisikia joto akihubiri, akavua koti, akaiweka mezani. Na sisi tuliokuwa ndani tulidhani ametoa sadaka, hata tukampigia makofi. Anasema alipoona inauzwa, alifikiri ndiyo desturi yetu. Kabla ya safari walifundishwa wasibishane na desturi ya wenyeji."

"Na mbona mlicheka kwa meza?" nikauliza watu.

"Tulijua unamtania, Mzee!" mwalimu akasema. "Umevaa koti yake na unamuuliza koti yake iko wapi!"

Nikavua. Nikampa na mikono miwili. Akachukua kitabu, akanirudishia koti. Akasema nimeilipia na imenipendeza. Nikakataa, akakataa. Dereva naye anapiga honi. Mwisho nikanyang'anya Mama Muthoni kabuti yangu, nikamvalisha mgeni kwa nguvu, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Amepanda ndege nayo, na hiyo kabuti ndiyo mimi hukama nayo ng'ombe. Mungu awasaidie wenye wameketi karibu na yeye.

Gari haikuwa imefika barabarani, Gathogo akasimama. "Napendekeza tuchague mwenyekiti mpya wa wageni." Mkono wa kwanza kuinuka kumuunga ulikuwa wa Mama Muthoni.

Kwa hivyo leo niko na nyumba ya mawe kule Skuta na plot mbili. Ng'ombe wanne wa maziwa. Pikapu moja, ya pesa taslimu. Miti mia mbili ya kahawa. Bibi mmoja, na nimempikia chai jioni hii ili nisikie ako upande gani. Koti moja ya ng'ambo. Kiti ya kamati, sina.

Mwenye anataka kucheka acheke usiku huu akiwa kwake. Kesho navaa hiyo koti nikienda sokoni, na nitapita polepole.